Ng'ombe wa Kompyuta

Mtu akikuuliza bei nawe ukamjibu "tutaelewana", jua umeshaibiwa, kilichobaki ni kuagana. Nayasema haya kwa hasira na sitaki mtu anitulize. Mimi, Paskalina Nkwabi, mwenye stashahada ya kompyuta niliyoisotea Mbeya mjini kwa ugali na matembele, nilisimama mbele ya Mzee Zebedayo kwenye yadi yake ya malori pale Tunduma. Akaniuliza, "Sasa binti, kazi hii utanifanyia kwa shilingi ngapi?" Nami nikainamisha kichwa, nikachorachora chini kwa kidole cha mguu kama mwali, nikasema, "Aa, mzee wangu, usijali, tutaelewana."

Akafurahi sana. Kwa nini asifurahi?

Ndivyo tulivyolelewa. Ukiwa msichana, tena wa kwetu Msangano, kumtajia mtu mzima bei ni sawa na kumwambia suruali yake imechanika nyuma. Na si mimi peke yangu. Fundi cherehani naye husema tutaelewana, fundi baiskeli vilevile. Lakini wenzangu wana dawa yao: fundi akimaliza suruali anaing'ang'ania mkononi mpaka umwelewe. Mimi mfumo niliomtengenezea ulikuwa ndani ya kompyuta ya mzee, ofisini kwa mzee, na mlango una kufuli la mzee. Ningeng'ang'ania nini?

Na nyuma ya kazi ile alisimama ng'ombe. Baba yangu, Mzee Nkwabi, alikuwa na maksai wawili wa kulimia, Afande na Koplo. Nilipomaliza chuo nilimwambia kwamba bila laptop mimi ni dereva asiye na gari. Kesho yake akampeleka Koplo mnadani. Hela yote akanipa mimi, hakubakiza hata ya sukari. "Itumie," akasema, "lakini Koplo arudi."

Maksai mmoja halimi. Msimu uliofuata baba akawa anaazima wa jirani, na anayeazima hulima wa mwisho, mvua zikiwa zimeshachoka. Tulivuna kidogo mpaka mama akawa anapima unga kwa kikombe. Sasa huo ulikuwa mwaka ule Wazambia walipofuta sifuri tatu kwenye kwacha yao, mwezi wa tisa umeingia, na baba alikuwa ananipigia kila Jumapili. Hakuwa na salamu ndefu.

"Mwangaluka, mwanangu. Koplo yuko wapi?"

"Anakuja, baba."

"Mvua nayo inakuja," anasema, anakata simu.

Kwa hiyo kazi ya Mzee Zebedayo ndiyo ilikuwa Koplo wangu. Malori yanayosubiri kuvuka kwenda Zambia na Kongo yalikuwa yanalala kwenye yadi yake, dereva analipia kila usiku. Walinzi waliandika kwenye daftari, na mzee aliamini nusu ya malori yanalala ndani ya mifuko ya walinzi. Alitaka kompyuta ijue kila gari lililoingia, lililotoka, na limelipa nini.

Haikuwa kazi ya kitoto. Huyu analipa shilingi, yule dola, yule kwacha. Na kwacha yenyewe sifuri zimefutwa kwenye noti, midomoni mwa watu bado zipo. Dereva anatoa noti ya hamsini anasema kwa heshima ya kwao, "Elfu hamsini hiyo, mukwai," na mlinzi, mtu mtiifu, anaingiza elfu hamsini. Siku ya kwanza ya majaribio kompyuta ikamwambia Mzee Zebedayo kwamba usiku mmoja tu ameingiza zaidi ya shilingi milioni mia. Mzee akakaa chini, akaomba maji, kisha akampigia mdogo wake aliyeko Mlowo kumuuliza Land Cruiser zinauzwaje. Mimi ndiye niliyemwambia kuwa ni makosa, na sidhani kama alinisamehe. Nikatumia wiki nzima kuifundisha kompyuta kuzikataa sifuri za zamani.

Basi kama kazi ingekuwa hiyo tu, ningeshukuru. Lakini kwa Mzee Zebedayo, mtu wa kompyuta ni mtu wa kila chenye waya. "Binti, hebu itazame hii pasi." Naitazama. Friji ya nyumbani inavuja, naitwa mimi. Mchungaji alizamisha simu yake kwenye maji ya ubatizo, naletewa mimi, eti niitie uhai. Nikachapa tangazo la harambee, nikatoa vairasi kwenye flashi ya kwaya, nikawarekodia nyimbo zao zote kwenye CD. Kila nikikunja uso mzee ananigonga begani. "Vumilia, binti. Si tutaelewana?" Neno langu mwenyewe ananirudishia!

Aliyenitia moyo ni mkewe, Mama Hezron. Nyumba yao ilikuwa palepale nyuma ya yadi, na kila saa nne asubuhi alikuja mwenyewe na sahani imefunikwa: chapati mbili, chai ya maziwa. Jumamosi wali na nyama. Alikuwa mama mnene, mcheshi, akigonga mlango wa ofisi anaanza kuongea kabla hajafunguliwa, maana mlango ule tuliufunga muda wote kwa ajili ya vumbi la malori. "Kula, mwanangu," ananiambia. "Umekonda mno. Hiyo kompyuta itakumaliza." Nami nakula, nafuta mikono, narudi kwenye sifuri zangu.

Katikati ya Oktoba mfumo ukasimama. Malori yanaingia, yanatoka, risiti zinachapwa, walinzi wana huzuni. Nikajua siku ya Koplo imefika. Nikajipanga mbele ya kioo chumbani kwangu, nikasema kwa sauti ya watu wakubwa, "Mzee, naomba tuzungumzie malipo." Mbele ya kioo nilikuwa mkali, nakwambia.

"Malipo!" Mzee Zebedayo akasema nilipomfikia. "Vizuri umenikumbusha." Akavuta droo, akanipa bahasha. Ndani, elfu hamsini. Elfu hamsini ya Kitanzania, usije ukadhani nazungumzia kwacha. Maksai mnadani alikuwa anakwenda laki sita.

"Mzee, hii..."

"Hiyo ni pamoja na chakula," akaniwahi. "Umekula hapa miezi miwili. Chapati mbili kila siku, chai ya maziwa siyo ya rangi, Jumamosi wali nyama. Nimepiga hesabu, chakula peke yake kimepita laki mbili. Sijakuchaji na ujuzi, maana ulipokuja hapa ulikuwa hata hujui lori lina matairi mangapi."

"Lakini mzee, tulisema..."

"Tulisema tutaelewana. Mimi nimeshaelewa." Akanitazama kwa upole kabisa. "Wewe hujaelewa?"

Mnajua nilijibu nini? Nilijibu, "Nimeelewa, mzee. Asante." Na nikapiga goti! Kha! Nilipofika barabarani ndipo maneno yote yakanijia, makali, yamejipanga yenyewe, nikayasema yote kwa sauti huku natembea. Dereva mmoja Mzambia akatoa kichwa dirishani akaniuliza, "Sister, unaongea na nani?" Nikamwambia asiniudhi.

Jumapili simu ikalia.

"Mwangaluka, mwanangu. Koplo?"

"Baba, kazi imekwisha. Wamenipa hamsini."

"Hamsini nini?"

"Elfu."

Nikasikia kuku wa nyumbani wakilia nyuma yake, na machozi yakanitoka hapohapo, kwa kuwa niliwajua kuku wale na nilijua mama naye yupo karibu anasikiliza. "Mlipatana shilingi ngapi?" baba akauliza.

"Hatukutaja, baba. Nilisema tutaelewana."

"Paskalina. Yaani ulimtoa ng'ombe zizini, ukampa mtu kamba, mkaahidiana kuzungumza bei akishachinjwa?"

"Baba, siyo ng'ombe. Ni mfumo wa kompyuta."

"Ni ng'ombe huyo," baba akasema. "Ni Koplo. Jumapili ijayo nakuja."

Akaja kweli, na hakuja peke yake. Alikuja na Mzee Osea, rafiki yake, dalali wa mnadani. Mzee Osea alikuwa na kazi mbili hapa duniani: kuuza ng'ombe wa watu, na kusimamia mahari za watu. Zote mbili alizifanya kwa mdomo mmoja, na asiyemjua akimsikiliza hatambui leo anauzwa nani. Siku hiyo alivaa koti la suti, ameshika fimbo yake ya mnadani. Nilipomwona anashuka kwenye gari nikamkimbilia.

"Mzee Osea," nikamwambia baada ya shikamoo, "hii ni habari ya kompyuta."

"Binti," akasema, "mahali penye watu wa pande mbili na ng'ombe katikati, mimi sihitaji kufundishwa."

Tukawakuta nyumbani wametoka kanisani. Mama Hezron akatukaribisha sebuleni, kwenye makochi yenye vitambaa vya kufuma, akatuletea soda. Akafurahi kumwona baba yangu. "Ndiye aliyemzaa huyu mtoto asiyenenepa?" akauliza, akacheka, akarudi jikoni, ambako kulitenganishwa na sebule kwa pazia tu. Mzee Zebedayo akatoka chumbani na fulana. Aliponiona mimi katikati ya wazee wawili wenye fimbo, akarudi kuvaa shati.

Mzee Osea akasimama, akakohoa.

"Mwenye nyumba," akaanza, "sisi ni wageni wako kutoka bondeni, Msangano. Hatukuja kwa ugomvi. Huyu ni Bwana Nkwabi, na huyu ni binti yake. Binti huyu alitoka kwa baba yake akiwa mzima."

"Karibuni sana," Mzee Zebedayo akasema.

"Akaja kwako. Amekaa kwako miezi miwili, anaingia asubuhi anatoka jioni. Na mlango, tumeambiwa, ulikuwa unafungwa."

"Ni kwa ajili ya vumbi."

"Habari ya vumbi hatuulizi. Tunauliza hivi: wewe na binti huyu mlielewana, au hamkuelewana?"

Jamani, Mzee Zebedayo alikuwa amelisubiri neno lile kama mshahara. Uso ukamchanua. "Tulielewana!" akasema kwa sauti. "Tena vizuri sana! Na aliyeanza kusema ni yeye mwenyewe, muulizeni!"

"Amekiri," Mzee Osea akamwambia baba. Kisha akamgeukia mzee. "Na mlipokwisha kuelewana, ukampa elfu hamsini, ukamwambia aende kwao."

"Na chakula. Nimemlisha."

"Mwenye nyumba," Mzee Osea akasema, sasa sauti ameishusha kama anazungumza na mfiwa, "kwetu sisi jambo la namna hii haliishi kwa elfu hamsini na chakula. Linaisha kwa ng'ombe."

Jikoni sufuria likaanguka. Pazia likang'oka lote na fimbo yake, na Mama Hezron akasimama sebuleni na mwiko mkononi.

"Zebedayo!"

Hakusema Baba Hezron. Hapo nikajua kumekucha.

"Mzee wa kanisa!" akapiga ukelele. "Una wajukuu! Mmeelewana nini? Nasema hivi, na mtoto mdogo huyu, mmeelewana nini?"

"Mama Hezron, sikiliza..."

"Mlango unafungwa! Nami nagonga kama mjinga, nimebeba sahani!" Mwiko ukanigeukia mimi. "Na wewe! Nimekulisha chapati zangu! Nakuonea huruma umekonda, kumbe unakonda kwa kuelewana na mume wangu!"

"Mama, ni kompyuta!" nikalia. "Tumeelewana kompyuta!"

"Ndivyo mnavyoita siku hizi?"

Mzee Zebedayo alikuwa amepanda juu ya kochi, sijui alifikaje. Mzee Osea aligundua kwamba mkutano umepata moto, lakini hakujua umeutoa wapi, akawa anarudia tu, "Tusikasirike, jamani, ng'ombe watatosha," na kila akisema ng'ombe Mama Hezron anapanda sauti. Mimi nilitamani sakafu inimeze. Nilikuja kudai haki yangu, nikageuka kahaba wa Tunduma mbele ya baba yangu mzazi.

Aliyetuokoa ni baba. Akainuka, akamshika Mzee Osea koti, akamkalisha. "Osea, kaa." Kisha akamwambia Mama Hezron taratibu, "Mama, nisamehe. Huyu rafiki yangu amezoea mahari. Binti yangu amemfanyia mumeo kazi ya kompyuta. Hajalipwa. Ni hilo tu."

Mama Hezron akamtazama baba, akanitazama mimi, akalitazama tumbo langu. "Hakuna mimba?"

"Hakuna mimba!" tukasema sote, Mzee Zebedayo akitushinda kwa sauti.

Akakaa kwenye mkono wa kochi, akajipepea kwa mwiko, akaanza kucheka. Alicheka mpaka akafuta machozi kwa ncha ya kitenge. Halafu akausimamisha mwiko.

"Ngoja kwanza. Hajalipwa? Mmesema elfu hamsini na nini?"

"Na chakula," Mzee Osea akasema.

"Chakula gani?"

Mzee Zebedayo akashuka kwenye kochi, akaanza kutafuta viatu. Nikaona hapa nisiposema mimi hatasema mtu.

"Chapati zako, mama," nikasema. "Mzee amezipigia hesabu. Mbili kila siku, na ule wali wa Jumamosi. Amesema zimepita laki mbili, ndiyo mshahara wangu."

Nilidhani nimeshamwona Mama Hezron amekasirika. Nilikuwa sijamwona. Safari hii hakupiga kelele hata kidogo. "Chapati zangu," akasema polepole. "Nilizompa mtoto wa watu kwa mkono wangu, kwa roho yangu. Umeziuza?"

"Sikuziuza, mama, nilizi..."

"Kwa hiyo nyumbani kwangu mgeni anakula kwa risiti. Kesho sokoni nikipita watu waseme, huyo ndiye mama lishe wa Zebedayo. Mungu wangu, aibu hii nitaipeleka wapi?" Akaweka mwiko chini, na kule kuuweka chini kulimtisha mzee kuliko alipokuwa ameushika. "Wageni, endeleeni. Mtajieni huyo ng'ombe."

Mzee Osea akafufuka. Akasema hawezi kutaja bei ya mnyama asiyemwona, kwa hiyo tukaenda sote ofisini. Akaizunguka kompyuta. Akainama akaangalia waya za nyuma, akaipapasa mgongo. "Ina joto," akamwambia baba. "Ni nzima. Binti, inakula nini?"

"Umeme, mzee."

"Inazaa?"

Nikakaa kitini, nikabonyeza, printa ikalia, ikatoa risiti ya lori lililoingia asubuhi. Mzee Osea akaipokea kwa mikono miwili. "Inazaa," akasema, na hakuwa anatania. "Laki sita, bei ya maksai."

"Lakini jamani, tuseme kweli," Mzee Zebedayo akajitetea. "Hapa hakuna jasho. Nimemwona kwa macho yangu. Amekaa kitini, kivulini, anabonyeza tu. Unamlipaje laki sita mtu aliyekaa?"

"Wewe malori yanalala, na wewe mwenyewe umelala," baba akamjibu, "na unalipwa."

Mama Hezron akapiga makofi. Tangu hapo mzee hakuwa na pa kushika. Akaanza na laki moja, Mzee Osea akamcheka. Akaja mbili, Mzee Osea akaokota fimbo yake kama anayeondoka. Kila mzee akigoma, Mama Hezron anasema neno moja tu, "Chapati," naye anapanda. Ikafika laki sita. Mama akaenda kuzichukua mwenyewe chumbani, maana alijua zinakolala, akampa baba mkononi.

Baba akazihesabu, akazifunga kwenye leso, akazitia mfuko wa ndani. Kwa mara ya kwanza mwaka ule nikayaona mabega yake yanashuka. "Koplo amerudi," akasema. "Mungu awabariki. Paskalina, inuka tuwahi gari."

Ningeinuka. Koplo ndiye niliyemwombea usiku na mchana, na Koplo amepatikana, nimtake nani tena? Lakini miguu ikakataa. Nikawaza: Koplo alikuwa wa baba tangu mwanzo. Amekwenda, amerudi. Sasa mimi? Miezi miwili, macho yananiuma, sifuri za Wazambia mpaka nazikemea usingizini, halafu nirudi nyumbani na mikono yangu miwili kama nilivyokuja? Nikajua nikisema nimeelewa na leo, nitasema nimeelewa maisha.

"Baba," nikasema, "huyo ni wako. Wangu bado."

Wote wakanigeukia.

"Wako yupi tena?" Mzee Zebedayo akauliza.

"Mzee, uliyotoa ni hela ya laptop iliyokutengenezea mfumo. Mimi niliyeifanyisha kazi sijalipwa."

Mzee Osea akafungua mdomo. Baba akamgusa goti kwa fimbo. "Mwache aseme."

Nikabaki nimekaa, nikamtazama mzee usoni. "Nataka laki nne."

Sikuwa nimewahi kumtajia mtu mzima bei maishani mwangu. Nikasubiri paa lituangukie. Halikuanguka.

"Laki nne!" Mzee Zebedayo akalia. "Za nini?"

"Laki tatu ni za mfumo. Laki moja ni pasi, friji, simu ya mchungaji, tangazo la harambee na CD za kwaya."

"Friji haikupona!"

"Ndiyo maana nimesema laki moja tu."

"Na simu ya mchungaji? Ile ulimfanyia Bwana!"

"Basi toa elfu kumi, nitadaiana na Bwana mwenyewe."

Mama Hezron akainamia meza kwa kicheko. Mzee akamtazama mkewe kama mtu anayezama, akaona upande ule hakuna kamba, akajaribu mlango wa mwisho. "Hela imekwisha. Kweli tupu. Mama Hezron ni shahidi, kilichobaki ndani ni ada ya mjukuu."

"Ni kweli," Mama Hezron akasema. "Lakini shambani Mlowo kuna mtamba."

"Yule mwekundu?" Sauti ilimtoka mzee kama ya mtoto.

"Mwekundu."

"Mama Hezron, yule ndiyo kwanza anataka kupandwa!"

"Namchukua," nikasema kabla Mzee Osea hajawahi kuvuta pumzi. "Na ile elfu hamsini ya kwanza sirudishi, ni ya kumsafirishia."

Mzee Zebedayo akanitazama. Halafu, wallahi sisemi uongo, akatabasamu. "Huyu binti," akamwuliza baba, "miezi miwili yote alikuwa amejificha wapi?" Baba alikuwa ananitazama mimi.

Maksai tulimpata mnadani wiki ileile, mweusi mwenye paji jeupe, na baba akamwita Koplo hapohapo bila kumuuliza. Mtamba tukampakia Mlowo. Tulipofika Msangano mawingu yalikuwa yameshakaa, na kaka yangu Venance alikuwa ameegemea zizi anatusubiri, mama nyuma yake. Koplo akaingia, akamnusa Afande, wakasimama pamoja kama walizaliwa zizi moja. Mama akajifuta macho kwa kanga.

Kisha nikashuka mimi, nimeshika kamba ya mtamba.

"Huyu naye wa nani?" Venance akauliza.

"Wa Paskalina," baba akasema.

Kwetu ng'ombe akiingia kwa jina la binti, anaingia kwa njia moja tu, na kila mtu anaijua. Venance akanitazama kuanzia miguuni mpaka kichwani. "Kaposwa? Lini? Na nani? Mbona sisi hatukuambiwa?" Mama alikuwa ameshapeleka mkono mdomoni tayari kwa kigelegele, anasubiri jina la mkwe tu.

Baba akafunga zizi, akahakikisha komeo limeshika.

"Hajaposwa," akasema. "Kalipwa."

Mama akapiga kigelegele hivyohivyo.